Nauli ya Swabri na Mizani Yangu

Vijana, mnaponiletea simu zenu nione jinsi tiketi ya ndege ilivyo rahisi, huwa nacheka kabla sijavaa miwani. Bei ile ya kwanza ni ya kuwakaribisha ndani tu. Mkishaingia kuna ya begi, kuna ya kiti, kuna ya kubadilisha siku, na mkishatua kuna ya teksi. Mjukuu wangu mmoja alilipia begi lake pesa zilizokaribia nauli yake mwenyewe, akaja kunilalamikia mimi kana kwamba nimezila. Sikushangaa. Miaka ya themanini, watu wa Malindi waliamini hivyo hivyo, kwamba mimi ndiye niliyewalipisha.

Nilisimama nyuma ya mizani ya uwanja wa ndege miaka mingi, na kilichoniuma si miguu. Kilichoniuma ni Swabri. Nasema mapema ili msije mkasema nimewaficha: habari hii ni ya wivu, na mwenye wivu ni mimi.

Naitwa Kahindi. Kwetu ni Kaloleni, nikasoma shule ya misheni, nikatoka na hesabu nzuri na Kiswahili kikavu. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa ndogo, na ndege zake ndogo zaidi, za viti kumi na viwili, zikienda Nairobi na kurudi. Makarani tulikuwa wawili. Swabri alikaa afisi ya mjini, chini ya pangaboi, akiuza tiketi. Mimi nilikaa uwanjani, chini ya bati, nikipima mizigo na watu.

Ndiyo, na watu pia. Ndege ndogo hairuki kwa kubahatisha, rubani lazima ajue kila kilo imekaa wapi. Kwa hiyo msafiri alipanda mizani yeye kwanza, halafu mzigo wake. Uzito wa mwili haukulipiwa, huo ulikuwa wa rubani. Lakini mzigo ukipita kilo kumi na tano, kila kilo iliyozidi ilikuwa na bei yake, na juu ya hapo kulikuwa na kodi ya uwanja. Vyote viwili vililipwa kwangu, pesa mkononi, na ndege imeshawashwa.

Sasa tazameni kazi ilivyogawanywa. Mtu akiingia kwa Swabri, aliambiwa, "Karibu, Bi. Keti hapa, upepo wako huu." Akageuziwa kiti kuelekea pangaboi. Akaulizwa habari za watoto kwa majina yao. Halafu akatajiwa nauli, nauli peke yake, kwa sauti tamu kama ya mtu anayekutakia heri.

"Ni hiyo tu, mwanangu?"

"Ni hiyo tu, Bi. Hayo mengine ya uwanjani, Kahindi atakueleza."

Maneno ya mwisho aliyashusha chini hata mwenyewe nadhani hakuyasikia. Hakusema uongo, kitabu chake kilikuwa na nauli tu. Lakini alijua. Alijua kabisa kwamba Bi huyo angefika kwangu amejifukiza udi, amesindikizwa na nusu ya mtaa, na mimi ndiye ningefungua mdomo kusema kodi.

"Kodi gani tena? Mimi kwa Swabri nishamaliza."

Waliniambia hivyo kila siku iliyokuwa na ndege. Wengine waliamini natia mfukoni. Mama mmoja aliniambia mbele ya foleni nzima, "Una roho ngumu wewe. Tazama Swabri, mtoto wa watu!" Mtoto wa watu! Mimi nilikuwa mtoto wa nani? Sikukuu ikifika, sahani za biriani zilipelekwa afisi ya mjini zimefunikwa kawa, na mimi nilibaki na vishina vya stakabadhi. Nilikuwa nikipita pale na baiskeli yangu, naziona zile kawa dirishani, nazihesabu moja moja. Si kwa njaa.

Kitu kimoja tu nilimshinda Swabri, nacho ni mikono. Aliyenifundisha alikuwa Mzee Kitsao, mpakizi wetu wa zamani, aliyebeba magunia bandarini Kilifi kabla ya kuja kwetu. Alinionyesha kwamba mzigo unainuliwa mara mbili. Mara ya kwanza unaujua mpini na mahali ulipolalia, mara ya pili, macho yamefungwa na miguu imepanuka, ndipo unaujua uzito. Nilijifunza mwaka mzima. Mwishowe nilikuwa nikiinua sanduku, nataja kilo, kisha naliweka kwenye mizani, na tofauti haipiti nusu. Watalii walikuwa wakinipigia makofi. Mzee Kitsao alinifundisha na mengine. Mtu akiweka mzigo, tazama kidole chake cha mguu kama hakiuinui kwa chini ili kilo zipungue. Anayevaa makoti mawili kwenye joto la Machi ana jambo. Na mama mtu mzima akipanda mizani, soma moyoni, andika huku umefunika kwa kiganja, wala usitamke. Jambo hilo la mwisho lilinigharimu kofi moja kabla sijalishika.

Lakini mikono haipelekewi biriani.

Mnatakiwa mjue pia watu wetu wanavyosafiri. Pwani mtu hasafiri peke yake hata akiwa peke yake. Jirani akisikia unakwenda Nairobi, anakuletea kifurushi cha mwanawe aliyeko huko. Wa pili analeta halua, wa tatu papa mkavu, wa nne chupa ya achari. Huwezi kukataa, maana kesho utasafirisha wewe. Na ukishapokea, hicho ni amana, si mali yako tena kukiacha njiani. Basi hilo lilikuwa halihesabiwi kwenye nauli ya Swabri. Mtu analipa kiti kimoja, anabeba mtaa mzima, na gharama ya mtaa inamngojea kwenye mizani yangu.

Bi Rukia alikuwa mama wa makamo aliyeuza kaimati barazani kwake, mtaa wa Shela, hapo hapo Malindi. Wazee wake walitoka visiwa vya kaskazini, na mimi nilinunua kwake kila nikipita kwenda kazini. Yeye peke yake katika mji ule hakuwahi kunilinganisha na Swabri. Alikuwa akiniuliza, "Mkeo hajambo na hali yake?" kwa sababu mke wangu, kule Kaloleni, alikuwa na mimba ya kwanza ya miezi minane. Binti yake Bi Rukia naye alikuwa na mimba ya kwanza, Nairobi. Mimba ya kwanza, mama lazima awe pale, na lazima aende na vitu vya arobaini: samli, asali, uwatu, habasoda, mafuta ya nazi, na leso za kumfunga tumbo mzazi. Alikuwa amepanga kwenda kwa basi. Ikaja simu ya maandishi ya posta kwamba daktari amesogeza siku. Ukihesabu foleni ya feri ya Kilifi na ule mwendo wote kupitia Mariakani, na mgongo wake mbovu, basi halikuwezekana tena. Akakusanya alichokuwa nacho akaenda kwa Swabri, akakata tiketi ya Alhamisi.

Jumatano alasiri nilipita barazani kwake. Ndani ya ua kilikuwa kikapu kikubwa cha ukili, mdomo umeshonwa kwa gunia.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja. Swabri kanambia nauli tu, habari za kikapu hakunambia kitu, na mimi sikuuliza. Wewe ndiye mwenye mizani. Hebu kiinue unambie, kitanitia taabu?"

Ngojeni kwanza niwaambie nililokuwa nalijua. Alhamisi ile meneja wetu wa Nairobi alikuwa anakuja kukagua kituo. Nilikuwa nimemwandikia barua mbili kuhusu namna Swabri anavyouza, asinijibu. Sasa angesimama nyuma yangu, aone kwa macho yake abiria wa Swabri anavyofika uwanjani. Nilikuwa nimeomba moyoni apatikane mmoja mwenye shida kubwa.

Nikakiinua kikapu mara mbili, kama nilivyofundishwa. Mikono yangu ikasema ishirini na sita. Mdomo wangu ukasema, "Chepesi, Bi. Usiwe na wasiwasi."

Akashukuru. Akanifungia kaimati kumi kwenye karatasi, akakataa pesa. Nilizila zote njiani, na sitawadanganya, zilikuwa tamu.

Alhamisi asubuhi meneja alifika na ndege ileile iliyokuwa irudi Nairobi. Akasimama nyuma yangu, mikono nyuma. Bi Rukia alishushwa na gari la jamaa yake, nalo likaondoka mara moja kwa kuwa mwenyewe alikuwa na kazi. Akapanda mizani, nikafunika kwa kiganja, nikaandika. Akalipa kodi ya uwanja kwa pesa alizozifungua kwenye pindo la leso, akashangaa kidogo, lakini akalipa. Halafu kikapu kikapanda. Ishirini na sita na nusu. Nilikuwa nimekosea nusu kilo.

Nikasema bei ya kilo zilizozidi, kwa sauti, ili meneja asikie. Bi Rukia akaitazama mizani, akanitazama mimi.

"Kahindi, si jana ulikiinua?"

Meneja akageuka. "Ulimpimia jana?"

Bi Rukia akanitangulia kujibu. "Hapana, baba," alimwambia meneja. "Mimi niliongeza vitu baadaye." Alisema bila kunitazama. Mpaka leo sijui kama aliamini, ila sauti yake haikuwa ya mtu anayeamini.

Pesa zilizobaki pindoni zilikuwa za teksi ya kumtoa uwanjani Nairobi. Meneja akauliza nani aliyemuuzia tiketi, nikataja jina la Swabri, na hapo vijana, nilifurahi. Naona haya kusema, lakini nilifurahi. Mfukoni mwangu nilikuwa na mshahara mzima, uliotosha kulipia zile kilo na chenji ikabaki. Sikuutoa. Ningeutoa, shida ingekwisha, na meneja asingeona kitu.

Bi Rukia akachutama, akaufumua ule mshono kwa meno. Nikadhani atatoa nazi, maana nilizihisi ndani, kama kumi hivi. Lakini akatoa debe la samli. Akatoa chupa za asali, mafuta, mifuko ya uwatu na habasoda. Akavipanga sakafuni kimoja kimoja.

Nikainama, nikamnong'oneza. "Bi, toa nazi. Nairobi nazi ziko."

"Nazi za Mama Saidi hizo, kampelekea mwanawe. Ntamwambia nini? Hivi ndivyo vyangu." Alisema hivyo na kuendelea kutoa. Papa mkavu wa jirani akabaki ndani, achari ya jirani ikabaki, halua ikabaki. Vya binti yake vikatoka. Leso saba za kumfungia mzazi alizivaa zote mwilini, moja juu ya nyingine, chini ya buibui, na hapo ndipo aliponisaidia mimi kwa kunikumbusha, "Mwambie rubani nimezidi." Nikamwongezea kilo mbili kwenye karatasi.

Injini zilikuwa zimeshawaka. Aliyaangalia yale madebe na chupa, akasema, "Mpelekee mkeo. Yeye naye yu karibu." Akatembea kuelekea kwenye ndege, mnene kama mtu mwingine, akipunguza hatua kwa ajili ya mgongo.

Mambo yakaenda kama nilivyotaka. Kesho yake meneja akaenda afisi ya mjini, akafunga mlango, na wiki haikuisha tukabadilishwa. Swabri uwanjani, mimi mjini. Sikuwahi kumsikia akisema lolote juu yangu. Aliniachia ufunguo wa droo na maneno matatu, "Hongera, ndugu yangu," na alikuwa hana kejeli, jambo lililonikera zaidi.

Nilikalia kile kiti chini ya pangaboi, nikaazimia kuuza kwa haki. Mtu akiingia nilimwandikia kila kitu kwenye karatasi: nauli, kodi, bei ya kilo, hata teksi ya kule aendako, halafu jumla chini, nimeipigia mstari. Vijana, jaribuni mwone. Watu waliinuka. "Aa, imekuwa ghali hivi? Kwa Swabri ilikuwa rahisi." Nikawaambia ni pesa zilezile, alizokuwa akichukua Swabri hapa na mimi kule. Hawakutaka kusikia. Wengine walivuka barabara kwenda kampuni nyingine iliyotaja nauli tu, wakalipishwa hayo mengine uwanjani, na wakarudi kunisimulia kwamba wamesafiri rahisi.

Na Swabri kule kwenye mizani? Watu walilipa huku wanacheka. Nilikwenda siku moja kupeleka orodha ya abiria nikamsikia, "Bi, kikapu chako kimenenepa kukushinda. Tukilipie au tukifungishe saumu?" Mama wa watu akacheka mpaka akajishika ubavu, akatoa pesa. Kodi ileile, mizani ileile, bati lilelile! Sikukuu ilipofika, zile sahani zenye kawa zilipita mbele ya dirisha langu, kwenye gari, zikielekea uwanjani. Nilikuwa nimekionea wivu kiti chake miaka mingi. Nilipokipata, nikaionea wivu mizani yangu mwenyewe.

Mke wangu alijifungua binti. Ile samli alikula yote, na asali, na uwatu, na nilimwambia nimenunua. Mtoto alinenepa mashavu, kila mgeni akisifu, nami nilikuwa natoka nje kutazama kuku. Bi Rukia alirudi baada ya siku arobaini. Binti yake alizaa salama, mjukuu wa kiume, alhamdulillahi, lakini nilisikia kwa watu kwamba mzazi alipata taabu ya mgongo na maziwa yalichelewa. Pengine yangechelewa tu. Bi Rukia mwenyewe hakunigusia. Aliendelea kuniuzia kaimati, aliendelea kuniuliza hali ya mke wangu, ila tangu siku hiyo alipokea pesa yangu na kunirudishia chenji yote, hata senti, wala hakunifungia tena ya bure.

Mnalotaka kwangu ni mashauri ya safari, nayo ni haya. Mtu akikutajia nauli, muulize nini hakimo. Akijibu, muulize tena. Hesabu kuanzia mlangoni kwako mpaka mlangoni kwa mwenyeji wako. Na pimeni mizigo nyumbani kabla ya kutoka, wala msimwamini mtu kwa kuwa ana cheo au ana tabasamu. Hili la mwisho sikulitoa kwa Mzee Kitsao.

Miaka miwili baada ya siku ile, Bi Rukia aliingia afisini mwangu. Binti yake alikuwa na mimba ya pili. Nikamgeuzia kiti kuelekea pangaboi, kama Swabri. Nikamwandikia kila kitu, nauli, kodi, bei ya kilo, teksi, nikapiga mstari. Hakuinuka. Aliisoma karatasi pole pole, akafungua pindo la leso, akalipa, akakunja karatasi yangu vizuri na kuitia humo humo pindoni. Moyo wangu ulitulia kidogo. Nikakiona kikapu amekiegesha mlangoni, kipya, mdomo haujashonwa.

Nikatoka nyuma ya meza. Nikapanua miguu. "Lete nikuinulie, Bi. Ntakwambia kilo zake sasa hivi."

Akakivuta kikapu kuelekea kwake, taratibu, kama mtu anayemwondoa mtoto kwenye jua.

"La, mwanangu, usijitaabishe. Ntapita kwa muuza sukari anipimie."

Nilimtazama dirishani akivuka barabara. Mwenye duka akaondoa gunia la sukari kwenye mizani, akaipangusa sahani yake kwa kitambaa, akampandishia kikapu. Bi Rukia akainama, akaisoma mwenyewe, akaitikia kwa kichwa kuridhika. Swabri nilikuwa nimemwonea wivu miaka mingi, nimeshauzoea. Siku ile, vijana, niliionea wivu mizani ya sukari.